Taa za dagaa kwenye Piskel: kwenye kihariri ni safi, nikituma ni tope. Kosa liko wapi?

#1 KatongaPikseli
Wakuu, salamu. Kuna mchoro wa ziwa usiku, mitumbwi mitatu ya dagaa na taa zake. Piskel, programu ya kuchora kwa pikseli (vitone vya rangi), ile ya kwenye kivinjari, turubai pikseli 64 kwa 32, fremu 8 (picha zinazofuatana), kasi ni ileile inayokuja nayo, fremu 12 kwa sekunde. Matabaka matatu: chini anga na maji, katikati mitumbwi, juu taa na mwanga wake.

Kwenye kihariri kila kitu kimetulia. Nikitoa GIF (faili la picha inayotembea) na kuirusha kwenye grupu nakuta mambo matatu:
a) duara la kijivu kuzunguka kila taa
b) ukingo wa mtumbwi mnene huku, mwembamba kule
c) mwanga kwenye maji unatetemeka, haumeti

Msimamo wangu: mchoro wa pikseli hauharibikii mkononi, unaharibikia kwenye kutoa faili. Anayebisha aje na sababu, si maneno.

#2 IsevyaMjini
Nimevuta kigoda. Karanga za Tabora ninazo, endeleeni.

#3 Fundi_Gungu
Ulitoa kwa kipimo gani? Kwenye dirisha la kutoa faili kuna kitelezi cha kipimo, yaani mchoro ukuzwe mara ngapi. Ukiacha 1 umetuma kipicha cha 64 kwa 32, na simu ya mpokeaji itakivuta yenyewe na kulainisha kingo inavyotaka.

#4 KatongaPikseli
Kipimo 5, yaani 320 kwa 160. Halafu nikaipunguza kwa programu ya simu hadi 200 kwa 100, bando lisiumie.

#5 Fundi_Gungu
Basi (b) umeijibu mwenyewe. Gawa 200 kwa 64 unapata 3.125. Pikseli haiwezi kuwa na upana wa 3.125, kwa hiyo nguzo nyingi (safu za kusimama za pikseli) zitapata 3 na kila ya nane itapata 4. Hesabu: 64 mara 3 ni 192, zimebaki 8, zinagawiwa nguzo nane. Ukingo wako ukiangukia kwenye nguzo iliyopata 4 unanenepa. Hiyo ni programu isiyolainisha. Ingekuwa inayolainisha ungepata ukungu kila mahali.

Kanuni ni moja: kuza kwa namba kamili, na usipunguze baada ya kukuza. Ukitaka ndogo, rudi kwenye faili la asili utoe upya kwa 3. Na hilo la bando ni hofu ya bure. GIF inabana rangi zinazojirudia kwa mfululizo, na mchoro wa pikseli uliokuzwa ni rangi zinazojirudia tu. 64 kwa 32 fremu 8 kwa kipimo 8 bado ni faili jepesi kuliko picha moja ya kamera yako.

#6 VitoneVyaUjiji
Nakubali (b). Kwa (a) jibu ni uwazi. Kwenye GIF pikseli ama ipo ama haipo, hakuna nusu. Kama duara la taa ulilichora kwa rangi yenye uwazi nusu, au tabaka la juu ulilishusha uwazi, GIF inalazimisha: ama inaifuta ama inaijaza. Ndipo uchafu unapotokea.

Mwanga upake kwa rangi kamili. Mfano, ukitumia paleti ya PICO-8 (programu ya kutengeneza michezo) yenye rangi 16, namba hizi zikiwa za rangi: kiini cha taa pikseli 2 kwa 2 nyeupe #FFF1E8, kuizunguka #FFEC27, kisha #FFA300, na nje kabisa #AB5236 ambayo inaungana na usiku #1D2B53 bila kelele. Rangi tano, hakuna uwazi popote.

#7 Drafti64
#6 kanuni ni sahihi ila haimhusu. Rudia #1: tabaka la chini ni anga na maji, yaani limejaa. Piskel inaunganisha matabaka kabla ya kuandika GIF. Pikseli yenye uwazi nusu juu ya pikseli iliyojaa inatoka imejaa, rangi tu imechanganyika. Hakuna cha kulazimishwa hapo.

Kitu kingine: piga hesabu ya mchanganyiko wenyewe. Nyeupe #FFF1E8 kwa nusu juu ya bluu #1D2B53: nyekundu 255 na 29 katikati yake ni 142, kijani 241 na 43 ni 142, bluu 232 na 83 ni 157 na nusu. Unapata kama #8E8E9E. Hicho ni kijivu halisi. Kwa hiyo kijivu kiko mkononi, GIF inasingiziwa.

#8 VitoneVyaUjiji
Sawa, hilo la tabaka la chini lilinipita. Ila rangi ya kuchanganyika ingeonekana hata kwenye kihariri, na yeye anasema kule ni safi.

#9 Drafti64
Safi kwa jicho la mtu aliyekuza mara kumi na tano. Ukikuza hivyo hata kijivu kinaonekana ni mwanga. Aangalie kidirisha cha onyesho juu kulia, pale mchoro unaonekana kwa ukubwa wake. Hapo hakuna uongo.

#10 bintiKanyenye
Habari za jioni. Mnaisahau njia ya tatu. Programu nyingi za ujumbe hazitumi GIF kama GIF, zinaigeuza kuwa video ya MP4. Video ya kawaida inahifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi inahifadhiwa moja kwa kila mraba wa 2 kwa 2. Taa ya njano yenye ukingo mwembamba kando ya bluu: mraba mmoja una njano na bluu pamoja, rangi inagawanywa, na kijivu kinazaliwa pale mpakani. Njano na bluu ni karibu kinyume, ndiyo maana zinauana.

Dawa ni kukuza sana. Kipimo 3 kwenye ukingo wa pikseli moja ni pikseli tatu, uchafu unameza sehemu kubwa. Kipimo 16, uchafu unabaki ukingoni na jicho haliuoni.

#11 Fundi_Gungu
Dada umenena. Kwa picha moja isiyotembea kuna ujanja zaidi. JPEG, aina ya faili la picha, inakata picha vipande vya 8 kwa 8, na rangi mara nyingi inahesabiwa kwa 16 kwa 16. Ukikuza mara 16 kamili, kila pikseli yako inakaa ndani ya kipande chake. Kipande chenye rangi moja hakina cha kuharibika. 32 mara 16 ni 512. Jaribu kipimo 15 uone mba zinavyoota kwenye kingo.

#12 KibiriziUsiku
Hiyo #11 inafanya kazi mradi programu isibadilishe ukubwa njiani. Ikishusha 512 kuwa 480, mpangilio wa vipande umekufa. Salama zaidi ni kutuma kama hati, si kama picha. Hapo faili linafika lilivyo, PNG inabaki PNG.

#13 KatongaPikseli
Shukrani wote. Naona mnagawana kesi yangu kama nyama ya sherehe. Nipeni kipimo cha kujua nani mkweli kati ya #6, #7 na #10.

#14 Drafti64
Rahisi. Chukua GIF kabla ya kuituma, ikokote uiachie kwenye tabo tupu ya kivinjari. Kijivu kikiwepo pale, ni chako. Kisipokuwepo, ni cha njiani.

#15 MwembeMmoja
Kabla hajarudi: hiyo (c) ya kutetemeka naiona ni kasi. GIF haijui fremu kwa sekunde, inajua muda wa kila fremu kwa sehemu za mia za sekunde. 12 kwa sekunde ni 8.33, haiandikiki, inakuwa 8. Weka 10, unapata 10 kamili. 20 inatoa 5, nayo ni kamili.

#16 Nukta_Nukta
Hesabu iko sawa, hitimisho siyo. Kila fremu inakatwa vilevile, zote zinakuwa 8. Matokeo ni kasi ya 12.5 badala ya 12. Inakwenda haraka kidogo, haitetemi. Pa kuogopa ni kushuka chini ya 2: vivinjari vingi vikiona muda wa 0 au 1 vinauhesabu kama 10, na mchoro wako wa kasi unageuka konokono.

Kutetemeka kwa (c) naomba kuuliza jambo moja. Mwanga wa kwenye maji umeupaka kwa mtindo wa drafti?

#17 KatongaPikseli
Ndiyo, kwa kalamu ya T (herufi ya kuibonyeza kwenye kibodi), ile inayopaka rangi mbili kwa kupishana. Halafu kila fremu naisogeza pikseli moja kulia ionekane maji yanakwenda.

#18 Nukta_Nukta
Basi ndilo jibu. Chukua ubao wa drafti, usogeze mraba mmoja kulia. Kila cheusi kinakaa palipokuwa na cheupe. Wewe unadhani umesogeza maji, kumbe umegeuza kila kitone kinyume. Kwa fremu 12 kila sekunde eneo zima linawaka na kuzima. Na ikishageuzwa video ni balaa, maana ubanaji wa video unategemea fremu mbili kufanana, na hapa hakuna hata kitone kinachofanana.

Chaguo mbili. Moja, isogeze kwa mbili mbili. Pili, na ndiyo bora, drafti isitembee kabisa. Acha vitone vilipo, sogeza mpaka wa eneo: fremu hii mwanga una upana wa nguzo 5, ijayo 6, ijayo 5, ijayo 4. Jicho linaona maji, vitone vimetulia.

#19 VitoneVyaUjiji
Naongeza: kwa mwanga wa taa majini drafti si lazima. Paka vistari vya kulala, pikseli 3 hadi 5, mstari mmoja wa maji ndiyo, mmoja hapana. Vifupi karibu na mtumbwi, virefu kadiri unavyokuja mbele kwa mtazamaji. Halafu usivihamishe, badilisha rangi: fremu mbili #FFA300, fremu mbili #AB5236, na vistari jirani vipishane. Kumeta ni rangi kubadilika mahali pamoja. Kuhama ni kitu kingine.

Na kwa kuwa Piskel ina kasi moja kwa mchoro mzima, fremu ukitaka ikae zaidi unainakili. Shift na N inanakili fremu uliyopo. Mtumbwi kupanda na kushuka pikseli moja: fremu tatu juu, tatu chini, zinatosha nusu sekunde. Ukifanya juu-chini kila fremu huo si mtumbwi, ni cherehani.

#20 IsevyaMjini
Cherehani majini 😂 Watu wa mwisho wa reli mna mambo.

#21 Drafti64
Hilo la #19 kuhusu fremu 8: hakikisha ya nane inaingia kwenye ya kwanza. Mwendo wa fremu tatu juu tatu chini ni duru ya 6, haiingii kwenye 8. Mwishoni mtumbwi unaruka. Tumia nne juu nne chini, au fanya jumla iwe 12. Huenda kutetemeka kwake kuna hili pia, si drafti peke yake. Washa kivuli cha fremu jirani kwa Alt na O, simama fremu ya 8 uangalie, kisha ya 1.

#22 KatongaPikseli
Nimerudi na majibu ya #14. Taa mbili zina kijivu hata kwenye kivinjari. Ya tatu, ya kushoto, ni safi. Kwenye grupu zote tatu zina kijivu. Sasa?

#23 Drafti64
Mbili ni zako.

#24 bintiKanyenye
Na ya tatu ni yangu. Zile mbili pia zinaweza kuwa na vyote viwili, kijivu juu ya kijivu.

#25 Fundi_Gungu
Au ulitumia kalamu ya U kwenye taa hizo mbili? Ile ya kuangaza rangi. Kila ukipita inatengeneza rangi mpya kidogo tu tofauti na ya kwanza, ukishika Ctrl inatia giza. Watu wanaipenda, na ndiyo inayochafua paleti. Unaanza na rangi 5, unamaliza na 90 bila kujua. GIF mwisho wake ni 256, na zikizidi kihariri kinaanza kuzikadiria. Hata zisipozidi, rangi 90 kwenye taa ndogo namna hiyo ni tope tu.

Njia ya kusafisha: kalamu ya A inabadilisha pikseli zote za rangi moja kwa mguso mmoja. Pitia kivuli baada ya kivuli uzirudishe kwenye tano zako. Inachosha, lakini unalala vizuri.

#26 KatongaPikseli
U nimeitumia. Uwazi pia nimeutumia. Mnipe adhabu zote mbili.

#27 MwembeMmoja
Mimi swali langu liko kando kidogo. Mwembe, hii yetu ya barabarani, turubai 32 kwa 32. Kila nikiupaka kivuli unakuwa mpira wa kijani.

#28 VitoneVyaUjiji
Umefuata ukingo. Giza pembeni kuzunguka pote, mwanga katikati. Hicho tunakiita kivuli cha mto wa kulalia, kitu chochote kinageuka mto. Jua halikai puani mwa mtazamaji. Chagua upande, tuseme juu kushoto.

Hatua: kwanza umbo lote kwa kijani cha kati, taji pana kuliko urefu wake, maana mwembe mkubwa ni mwavuli. Shina pikseli 4 au 5, fupi. Kisha gawa taji mafungu matano au sita yasiyolingana. Kila fungu lina mwanga wake juu kushoto na giza lake chini kulia. Giza lisiwe kijani kilekile kilichotiwa weusi, lisogeze kuelekea bluu. Mwanga usogeze kuelekea njano. Rangi nne za kijani basi. Majani ya kuchorwa moja moja yaache ukingoni tu, vitone viwili vitatu vya kutokeza, ndani usiguse.

#29 Nukta_Nukta
Nyongeza kwa #28: usiache kitone kimoja kimoja kimezagaa ndani ya taji. Kitone cha peke yake kwa ukubwa huo jicho linakisoma kama uchafu au kama embe. Ukitaka maembe, weka pikseli 2 za kusimama, rangi ya chungwa, matatu tu.

#30 IsevyaMjini
Mwembe wa Tabora wenye maembe matatu? Huo mwembe umepandwa Kigoma.

#31 KibiriziUsiku
Sisi tuna mawese, maembe tuwaachie nyie na asali yenu. Turudi ziwani. Kuna mchoro wa yule samaki mwenye nundu kichwani, frontosa, unazunguka mtandaoni umeandikwa wa Kigoma lakini una mistari sita. Wa upande wetu wa Kigoma anajulikana kwa mistari saba. Sita ni wa sehemu nyingine za ziwa.

#32 Drafti64
Kwa upana wa 32 saba inaingia lakini kwa kubana. Mistari 7 ya pikseli 2 ni 14, nafasi 6 za pikseli 2 ni 12, jumla 26. Zinabaki 6: nne mkia, mbili mdomo. Aliyechora sita nadhani alitaka nafasi ya jicho, maana mstari wa kwanza unapita pale pale kichwani. Suluhisho ni kuliacha jicho ndani ya mstari, pikseli moja nyeupe tu.

#33 Fundi_Gungu
Au aende 48. Turubai inabadilishwa wakati wowote: sehemu ya ukubwa, upande wa kulia. Kisanduku cha kukuza na kilichochorwa kiache kitupu, kisha chagua kona ya kushikilia. Ukikitia alama wakati unatoka 32 kwenda 48 umerudi kwenye ugonjwa wa (b), maana 48 ni mara moja na nusu ya 32.

#34 MwembeMmoja
Kwani nani alisema 32 ndio mwanzo? Mwanafunzi aanze 16 kwa 16. Pikseli 256 tu, kila moja ina kazi, huwezi kujificha.

#35 bintiKanyenye
Napinga. 16 ni ngumu kuliko 32, si rahisi. Uso wa mtu kwenye 16 una pikseli mbili za macho na ukikosea moja ni mtu mwingine. Mario wa kwanza, yule wa mchezo wa video, 1981, alivalishwa kofia na kupewa masharubu kwa sababu nywele na mdomo vilikuwa vigumu kuonyesha kwenye nafasi ile. Hao walikuwa mabingwa. Anayeanza mpe 32, rangi 4, umwache apumue.

#36 MwembeMmoja
Rangi 4 nakubali. Game Boy, kile kifaa cha michezo cha mkononi, ilitembea na vivuli vinne kwenye kioo cha 160 kwa 144 na watu hawakulala.

#37 Nukta_Nukta
Wengine tunaanza na kitu, ukubwa unafuata. Chukua meli ya Liemba. Urefu wake ni mita 71 na ushei. Ukiipa pikseli 64, kila pikseli ni mita 1.1. Mtu mzima anakuwa pikseli moja na nusu, yaani hawezekani, unaweka kitone cha 1 kwa 2 na kukubali kwamba abiria wako ni majitu kidogo. Madirisha nayo huwezi kuyahesabu, unaweka kitone, ruka kimoja, kitone. Kwa hiyo kabla ya kufungua turubai uliza kitu kidogo kuliko vyote kinachotakiwa kuonekana ni kipi, kipe pikseli 2, halafu ndipo upime kilichobaki.

#38 IsevyaMjini
Liemba ya 1927 kwenye kompyuta, safi sana.

#39 KibiriziUsiku
1927 ndipo iliporudi majini kwa jina la Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma. 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ikaibuliwa 1924. Kama unaichora, amua ni ya mwaka gani.

#40 IsevyaMjini
Nimekubali kipigo. Ila reli iliyoileta ilipita kwetu kwanza.

#41 Drafti64
😂 Haya. Mstari wa mwinuko wa mbele wa meli ndio unaowashinda wengi. Mkunjo ukiwa safi, urefu wa vipande unapungua kwa mpango: 6, 4, 3, 2, 1, 1. Ukiandika 6, 3, 4, 1, 2 unapata meno ya msumeno hata kama umekuza vizuri na kutoa vizuri. KatongaPikseli, hesabu vipande vya ukingo wa mtumbwi wako. Huenda (b) yako nayo ina nusu yake mkononi.

#42 Fundi_Gungu
Hapana, hapo naweka mguu. 3.125 ni 3.125.

#43 Drafti64
Sijakataa. Nasema ukingo mbaya ukivutwa vibaya unakuwa mbaya mara mbili.

#44 bintiKanyenye
Mnaozungumzia vipande, angalieni mkeka wa ukili au kitambaa cha kufuma. Mfumaji anahesabu hivyohivyo, mishono sita, minne, mitatu. Susan Kare aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh ya 1984 alizichora kwenye miraba ya 32 kwa 32 na alikuwa na msingi wa utarizi. Ukitaka ruwaza ya kujirudia, kwenye mipangilio ya Piskel kuna namna ya kuonyesha turubai ikijirudia pande zote, unaona pale pale kama kingo zinakutana. Kalamu ya V inachora pande mbili kama kioo. Shikilia Shift, inachora pande nne. Nusu ya ruwaza za mikeka zinaisha kwa kalamu hiyo moja.

#45 MwembeMmoja
Nikitaka kuigeuza stika ya WhatsApp?

#46 VitoneVyaUjiji
Stika ni 512 kwa 512, isiyotembea isizidi kilobaiti 100, inayotembea 500. Inashauriwa kuacha ukingo mtupu wa 16 kila upande. Kwa hiyo chora 32 kwa 32, toa kwa kipimo 15, unapata 480, weka katikati ya turubai ya 512. 16 kushoto, 16 kulia, imekaa kama imepimwa na fundi cherehani. Usuli uwe wazi, na uzungushie mchoro mstari mweupe wa pikseli moja, la sivyo kwenye mandhari meusi ya simu mtumbwi wako unapotea.

#47 KibiriziUsiku
Jamani na kuhifadhi. GIF si hifadhi, matabaka yameshaunganishwa humo. Kuhifadhi ndani ya kivinjari nako si hifadhi: mtu akisafisha data ya kivinjari, kazi imekwenda nayo, na kompyuta za kukodi zinasafishwa kila jioni. Pakua faili lenye mwisho wa .piskel, liweke kwenye kadi au jitumie kama hati. Umeme ukikatika katikati, fungua tena utafute nakala za akiba kabla hujaanza kulia.

#48 KatongaPikseli
Ripoti. Nimetoa upya kwa 8, sikupunguza: (b) imekwisha. Drafti nimeituliza, mwanga unameta kwa rangi, fremu 12, mtumbwi tatu juu tatu chini, zimegawanyika sawa: (c) imebaki kidogo kwenye grupu tu. Taa nimezipaka rangi kamili. Ya kulia imepona, ya katikati bado.

#49 Drafti64
Ingiza hiyo GIF kwenye Piskel, ulainishaji uzime wakati wa kuingiza. Kalamu ya O juu ya hicho kijivu, soma namba.

#50 KatongaPikseli
#8E8E9D.

#51 Drafti64
Nyeupe nusu juu ya bluu, tofauti ya moja ni ile nusu ya 157.5 iliyokatwa. Kuna pikseli yenye uwazi umeisahau kwenye tabaka la juu. Iko mkononi, kama nilivyosema.

#52 bintiKanyenye
Na ya kushoto, ambayo haikuwahi kuwa na uwazi, kwenye grupu ikoje?

#53 KatongaPikseli
Bado ina kijivu. Kimepungua, ila kipo.

#54 bintiKanyenye
Basi weka 16 badala ya 8, utume tena.

#55 Fundi_Gungu
Na tupe namba za vipande vya ukingo, tumalizane na huyu wa #41.